Jicho Linalofumba Kila Mdomo Unapotabasamu: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Mazoezi ya Uso

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka 38, alikuja kwangu pamoja na mdogo wake miezi 11 baada ya nusu ya kulia ya uso wake kupooza. Kila jambo ambalo lingeweza kumtambulisha nimeliondoa, na hapa nitamwita Mwalimu tu, jina ambalo hata hivyo ndilo nililomwita muda wote. Yeye aliniita daktari; nilimweleza mara mbili kwamba mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, akaitikia kwa kichwa, kisha akaendelea kuniita daktari hadi siku ya mwisho. Malalamiko yake aliyatoa kwa sentensi moja: "Daktari, kadiri ninavyokazana na mazoezi, ndivyo uso unavyozidi kwenda upogo." Aliitamka kama kitendawili, kumbe jibu lilikuwa ndani yake.

Kilichomuumiza hasa kilikuwa darasani. Kila alipomtabasamia mwanafunzi aliyejibu vizuri, jicho lake la kulia lilifumba lenyewe, na watoto, ambao hawana hila lakini pia hawana huruma katika mambo kama haya, wakaamua kwamba Mwalimu anawakonyeza. Wakaanza kumkonyeza na wao. Aliacha kutabasamu darasani, na baada ya muda akajikuta anafundisha kwa kuelekea ubaoni zaidi kuliko kuelekea wanafunzi.

Ugonjwa wenyewe ulianza kwa namna tunayoifahamu. Kwa siku mbili alisikia maumivu nyuma ya sikio la kulia. Siku ya tatu asubuhi, alipokuwa akisukutua, maji yalimchuruzika kutoka pembe ya kulia ya mdomo bila yeye kujua kwamba midomo haikuwa imefunga. Kwenye kioo akaona unyusi wa kulia haupandi, jicho halifumbi, na tabasamu lote limevutwa kushoto. Nyumbani walihofia kiharusi, hofu ambayo haifai kupuuzwa na mtu yeyote kabla ya kupimwa. Katika kisa chake, paji la uso ndilo lililotoa ushahidi: kiharusi kinacholegeza mdomo kwa kawaida hulibakiza paji likisogea, kwa kuwa kila nusu ya paji hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo, ilhali kwake paji nalo lilikuwa limelala kabisa. Hitilafu haikuwa kwenye ubongo bali kwenye neva ya uso yenyewe, ile ya saba miongoni mwa jozi 12 za neva zinazotoka kichwani.

Hali hiyo huitwa kupooza kwa Bell, kwa jina la Charles Bell, daktari mpasuaji wa Uskoti aliyeieleza kazi ya neva za uso mwaka 1821. Huwapata watu kati ya 15 na 30 katika kila watu 100,000 kwa mwaka, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba neva huvimba ndani ya mfereji wa mfupa ambao, mahali palipo pembamba kuliko pote, haufiki hata upana wa milimita moja. Neva iliyovimba mahali pa namna hiyo haina pa kutanukia, hivyo hujibana yenyewe. Dawa ya prednisoloni husaidia ikianzwa ndani ya saa 72. Utafiti mkubwa uliofanywa Uskoti na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba baada ya miezi tisa waliopona kabisa walikuwa takriban asilimia 94 ya walioipata na asilimia 82 ya wasioipata. Mwalimu aliianza siku ya sita, baada ya siku za mwanzo kupotea katika kungoja hali ijiondokee yenyewe.

Nayaeleza haya kwa sababu mwendo wa miezi ya mwanzo ndio unaotabiri miezi ya baadaye. Utafiti wa Copenhagen uliochapishwa mwaka 2002, ambao uliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 1,700 wa kupooza kwa Bell bila kuwapa dawa, ulionyesha kwamba asilimia 71 walipona kabisa, na kwamba asilimia 85 walianza kuona dalili za kurejea kwa mwendo ndani ya wiki tatu. Waliobaki walisubiri kwa miezi kadhaa, na ndio ambao kwa kawaida hubaki na kasoro. Mwalimu alikuwa katika kundi hilo la pili: pembe ya mdomo ilitikisika kwa mara ya kwanza katika wiki ya 14. Kwa kuwa kuchelewa kiasi hicho hulazimu kutafuta sababu nyingine, alifanyiwa picha ya MRI, akapimwa usikivu, na sikio likachunguzwa kama lilikuwa na alama za malengelenge. Hapakuonekana uvimbe wala dalili za maambukizi.

Kutikisika huko kwa wiki ya 14 ndiko kulikozaa tatizo lililomleta kwangu. Furaha ilikuwa kubwa, na mdogo wake, kwa nia njema kabisa, akamtafutia kwenye simu video za mazoezi ya kulinganisha uso. Mwalimu aliyafanya kwa uaminifu wa mtu aliyezoea kusahihisha madaftari, na aliniletea daftari lenyewe: kutabasamu hadi mwisho wa nguvu mara 100 huku kidole kikizuia shavu, kujaza hewa mashavuni mara 100, kufumba macho kwa kukaza mara 100, kubinua midomo mara 100, yote hayo asubuhi na kurudiwa jioni. Aliongeza kutafuna chingamu upande wa kulia kwa saa nzima kila siku, pamoja na kifaa kidogo cha kushtua misuli kwa umeme, dakika 20 kabla ya kulala. Nilijumlisha kwenye pembe ya ukurasa: misuli ya uso ilikazwa kwa nguvu zote mara 800 kwa siku, kwa muda wa miezi saba hivi.

Kabla sijamgusa, nilimwomba akae kimya aniangalie tu, kisha nikamgeukia mdogo wake na kumuuliza: kama usingemjua dada yako, ungesema upande gani ndio ulioathirika? Alitazama kwa muda, akaonyesha upande wa kushoto. Ule ndio ulikuwa upande mzima.

Hakukosea kwa kutojua kutazama. Upande wa kushoto ulionekana umelegea kwa sababu tu upande wa kulia ulikuwa umekazwa. Uso ukiwa umetulia, nafasi iliyo wazi kati ya kope za jicho la kulia ilikuwa milimita 7, na ya kushoto 10. Mkunjo unaoshuka kutoka ubavuni mwa pua hadi pembe ya mdomo ulikuwa wa kina zaidi kulia, pembe ya mdomo ya kulia ilikuwa imevutwa nje na juu kidogo, na ngozi ya kidevu upande huo ilikuwa na vishimo vidogo kama vya ganda la chungwa. Nilipomwambia atabasamu, jicho la kulia lilishuka hadi milimita 3 na kamba mbili zikatutumka shingoni upande uleule. Nilipomwambia abinue midomo kama anayepiga mluzi, jicho lilifumba tena; na nilipomwambia afumbe macho, pembe ya mdomo ikapanda. Nilipotia kidole gumba ndani ya shavu na kidole cha shahada nje, nilikuta ukanda mgumu wa msuli, mnene kama kalamu, ambao upande wa kushoto haukuwapo.

Kwa kipimo cha Sunnybrook, ambacho hutoa alama 100 kwa uso usio na kasoro, alipata 35. Kipimo hicho huangalia mambo matatu, na mgawanyo wa alama zake ulieleza mengi kuliko jumla. Kwa mwendo wa hiari peke yake alipata 60. Zikaondolewa 15 kwa kutolingana kwa uso ukiwa umetulia, na 10 kwa misuli kuitikia amri isiyoihusu. Kama tatizo lingekuwa udhaifu tu, alama zingepotea karibu zote kwenye mwendo. Hapa kilichokuwa kinamuumbua hakikuwa upungufu wa nguvu bali nguvu iliyotoka mahali pasipotakiwa.

Jina la kitaalamu la jambo hili ni sinkinesia, na asili yake inaeleweka bila shida na mtu aliyewahi kuona nyumba iliyofungwa nyaya vibaya: unabonyeza swichi ya chumbani, taa ya barazani nayo inawaka. Nyuzi za neva zilizokatika ndani ya ule mfereji wa mfupa hukua upya kwa kasi ya takriban milimita moja kwa siku, na zinapokua hazina ramani. Uzi uliokuwa ukienda mdomoni unaweza kugawanyika, tawi moja likafika mdomoni na jingine likaingia kwenye msuli unaolizunguka jicho. Kwa kawaida matokeo ya kupotea huko huanza kuonekana kati ya mwezi wa tatu na wa sita, yaani wakati uleule ambao mgonjwa anaona mwendo unarejea na anaongeza bidii. Ndiyo maana wengi huamini kwamba mazoezi yameleta tatizo, au kinyume chake, kwamba tatizo limekuja kwa sababu mazoezi hayajatosha. Nyuzi hazipotei njia kwa sababu ya mazoezi. Lakini mtu anapokaza uso kwa nguvu zote, anapitisha umeme kwenye swichi zote kwa pamoja, na kila mara 100 anazofanya hivyo anaufunza ubongo kwamba tabasamu na kufumba jicho ni amri moja.

Kuna jambo jingine ambalo video zile haziligusi. Mtu huchukulia kwamba msuli wa shavu ni kama msuli wa paja: ukiubebesha mzigo utanenepa na kuwa imara. Misuli ya uso ni myembamba, mingi imejishika kwenye ngozi badala ya kushika mfupa pande zote mbili, na kwa sehemu kubwa haina vile vipokezi vya mvutano ambavyo kwenye mkono au mguu humwambia mtu, hata akiwa amefumba macho, kiungo chake kiko wapi. Ndiyo maana Mwalimu alishangaa nilipomwonyesha kwa video kwamba shingo yake hututumka anapotabasamu; hakuwa amewahi kuihisi. Na ile chingamu, saa nzima kwa siku, ilikuwa inafanyisha kazi misuli ya kutafuna, ambayo huendeshwa na neva ya tano na haikuwahi kupooza hata siku moja. Alichopata kwa kutafuna upande mmoja ni taya la kulia lililojaa kuliko la kushoto, kasoro mpya juu ya ile ya zamani. Kuhusu kifaa cha umeme, manufaa yake kwa hali hii hayajathibitishwa vya kutosha, na wengi wetu tunakiepuka kwa sababu hukaza msuli ambao tayari umekazwa mno. Nilimwomba akiweke kabatini.

Mpango niliompa ulimkatisha tamaa, na hakuficha. Kwa wiki tatu za kwanza hakukuwa na zoezi hata moja la kukaza. Alitakiwa kuacha yote aliyokuwa akiyafanya na kujifunza kuulegeza uso: meno ya juu na ya chini yasigusane, ulimi ulale, pumzi itoke taratibu, kitambaa cha uvuguvugu kikae shavuni kwa dakika kadhaa. Kisha akande ukanda ule mgumu kwa kidole gumba kikiwa ndani ya shavu, auvute polepole kuelekea pembe ya mdomo na kuushikilia kwa sekunde 30, mara chache kwa siku. Msuli wa shingo aliunyoosha kwa kuinua kidevu na kuugeuza uso kushoto huku kiganja kikiwa kimeizuia ngozi juu ya mtulinga. Alipouliza haya yataongezaje nguvu upande uliopooza, nilimjibu kwamba hayataongeza, na kwamba nguvu siyo tunayoitafuta.

Wiki ya nne tulianza kazi ya kioo, na hapa nitaeleza kwa kirefu kidogo kwa kuwa ndiyo shina la tiba yenyewe. Mwalimu alikaa mbele ya kioo, viwiko juu ya meza. Nilimwambia asitazame mdomo. Atazame jicho la kulia. Kisha aanze kutabasamu kwa polepole sana, kidogo kiasi ambacho mtu wa mbali asingeona, na asimame pale tu atakapoona kope ya chini imeanza kupanda. Mara ya kwanza hakuweza kabisa: mdomo ulikuwa haujasogea hata milimita mbili na jicho tayari limeanza kusinyaa. Nikamwambia arudi nyuma kidogo, abaki hapo ambapo jicho bado limetulia, ahesabu hadi tano, aachie. Mara tano, basi. Mara mbili kwa siku, basi. Mdogo wake, aliyekuwa amekaa pembeni, alicheka: "Mara tano tu?" Nilimjibu kwamba tano zilizo safi ni nyingi kuliko 100 zilizochafuka, na kwamba zoezi hili likifanywa kwa uchovu ni heri lisifanywe.

Wazo lililo nyuma ya zoezi ni kutafuta kile kiwango cha juu kabisa cha mwendo ambacho jicho bado halijaitikia, kukaa chini yake kidogo, na kukisogeza mbele kwa subira. Mazoezi hayang'oi nyuzi zilizopotea njia. Kinachobadilika ni jinsi ubongo unavyotuma amri: kwa nguvu ndogo, kwa kasi ndogo, na kwa kuchagua. Upande wa kushoto nao ulihitaji kufunzwa adabu, kwa sababu kwa miezi mingi ulikuwa umezoea kutabasamu kwa niaba ya pande zote mbili. Tulikubaliana kwamba tabasamu la kushoto lisipite ukubwa ambao kulia kunaweza kuufikia. Wagonjwa wengi hulipinga jambo hili kwa kuona wananyang'anywa hata kile kizuri walichobakiwa nacho, lakini ni hapo ndipo ulinganifu unapoonekana mapema zaidi, kwani macho ya mtazamaji hupima tofauti iliyopo kati ya pande mbili, hayapimi ukubwa wa tabasamu.

Baada ya tabasamu tulihamia kwenye sauti. Kiswahili kina maneno mengi yanayobinua midomo, na Mwalimu aliyaorodhesha mwenyewe kwa ustadi: bubu, mpumbavu, upupu, mbuyu. Kila silabi ya "bu" ilikuwa inapunguza jicho. Alisoma orodha ile kwa sauti ya chini mbele ya kioo, akilegeza midomo na kuifungua taya zaidi kuliko kuisukuma midomo mbele, na kufikia wiki ya nane aliweza kusoma aya nzima ya kitabu cha darasa la tatu jicho likiwa wazi.

Wiki ya tisa mambo yalirudi nyuma. Ulikuwa msimu wa mitihani. Alikuja amechoka, mafua yamembana, na ukanda wa shavu ulikuwa mgumu karibu kama siku ya kwanza. Uchovu, baridi na wasiwasi hukaza misuli hii kwa mtu yeyote mwenye hali kama yake, na nilikuwa tayari kuyalaumu hayo. Lakini kamba za shingo zilikuwa nene kuliko uchovu unavyoweza kueleza, na daftari lilikuwa na "mara 5" zilizoandikwa kwa wino mmoja na mwandiko mmoja kwa siku nane mfululizo, kama mtu aliyejaza mahudhurio ya wiki nzima kwa mkupuo. Nilimuuliza kwa upole. Alikiri kwamba alikuwa amerudia zile mara 100 usiku, kwa sababu, alisema, "sijazoea kufaulu kwa kufanya kidogo."

Lawama ya hapo naichukua mimi. Nilikuwa nimempa orodha ya kuacha na orodha ya kufanya, lakini sikuwa nimemkalisha chini na kumweleza habari ya nyaya na swichi kama nilivyoieleza hapa; nilidhani mtu aliyesoma ataelewa kwa kufuata tu. Siku hiyo niliacha mazoezi yote, nikachora neva ya uso kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari lake, na nikamwonyesha mahali ambapo uzi mmoja unakuwa na mashina mawili. Aliuchukua mchoro, akaurudia kwa mkono wake, akaniuliza maswali matatu ambayo yalikuwa mazuri kuliko maelezo yangu, na tangu siku hiyo sikukuta tena zile mara 100.

Mdogo wake naye alikuwa na swali lake, na aliliuliza siku hiyohiyo. Alikuwa amefanya mazoezi yaleyale ya video pamoja na dada yake, kwa kuwa yeye mwenyewe hapendi tabasamu lake, ambalo hupanda kidogo zaidi kushoto. Kwa nini yeye hayakumdhuru? Jibu ni kwamba neva zake ni nzima. Kila amri inafika inakotumwa, hivyo kukaza hakumletei zaidi ya uchovu. Lakini je, yamemsaidia? Nilimwonyesha picha zake mbili, ya zamani na ya siku hiyo, na hakuona tofauti, wala mimi. Utafiti unaotajwa mara nyingi kutetea mazoezi ya uso kwa watu wazima wa afya ulichapishwa mwaka 2018 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern huko Chicago. Wanawake 27 wa umri wa miaka 40 hadi 65 walianza, 16 ndio waliomaliza wiki 20, na waliowatathmini kwa picha waliona mashavu yaliyojaa kiasi na umri wa kukadiria ulioshuka kutoka karibu miaka 51 hadi 48. Hapakuwa na kundi la kulinganisha, na ulinganifu wa uso haukuwa jambo lililopimwa. Uso wa mtu huegemea upande mmoja kwa sababu ya umbo la mifupa, mpangilio wa meno, mafuta ya chini ya ngozi na mazoea ya kukaza upande fulani. Katika hayo, la mwisho peke yake ndilo ambalo kioo na mazoezi vinaweza kuligusa. Nilimwambia pia jambo ambalo linawatesa wengi bila wao kujua: mtu amezoea kujiona katika kioo, kilichogeuza kulia kuwa kushoto, na anapojiona kwenye picha isiyogeuzwa, kila kasoro ndogo inahamia upande asioutarajia na kuonekana maradufu. Watu wengine wote wamekuwa wakimwona hivyo maisha yake yote, na hakuna aliyeshtuka.

Narudi kwa Mwalimu. Mwezi wa tano wa tiba tulizungumzia sindano ya sumu ya botulinamu, ambayo kwa dozi ndogo hulegeza msuli unaolizunguka jicho au ule wa shingo kwa muda wa miezi mitatu au minne na kumpa mgonjwa nafasi ya kujifunza mwendo mpya bila kuzuiwa na ule wa zamani. Maoni yangu ni kwamba ingemfaa, na kwamba ingemfaa zaidi kama tungeipata mapema. Mazoezi na sindano huenda pamoja vizuri kuliko kila kimoja peke yake. Yeye alichagua kusubiri, na uso ni wake.

Mwezi wa sita nilimpima upya kwa mwanga uleule na umbali uleule. Mwendo wa hiari ulikuwa umepanda hadi 72, makato ya uso uliotulia yalishuka kutoka 15 hadi 5, na ya sinkinesia kutoka 10 hadi 6, jumla 61. Unyusi wa kulia haukuwa umebadilika hata kidogo, na sikutarajia ubadilike. Nafasi iliyo wazi ya jicho la kulia uso ukiwa umetulia ilikuwa milimita 9 dhidi ya 10 za kushoto. Akitabasamu, 6 dhidi ya 8. Ilinibidi nimweleze kwamba hata lile jicho la kushoto, lisilowahi kuugua, hupungua akitabasamu, kwa sababu tabasamu la kweli hukaza msuli wa jicho, jambo ambalo daktari Mfaransa Duchenne alilionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1862. Tukiliweka jicho lake la kulia wazi kabisa wakati mdomo unacheka, tutakuwa tumempa tabasamu la sanamu.

Je, mabadiliko hayo yameletwa na mazoezi? Kisa kimoja hakiwezi kuthibitisha. Neva huendelea kujirekebisha kwa zaidi ya mwaka, ingawa baada ya mwezi wa 11 mabadiliko ya kujitokea yenyewe kwa kawaida huwa madogo. Na aliacha kutafuna upande mmoja na kukaza mara 800, mambo ambayo kuyaacha tu ni tiba. Mapitio ya mwaka 2011 ya Cochrane, mtandao wa watafiti unaokusanya na kupima tafiti za tiba, kuhusu fiziotherapia kwa kupooza kwa Bell yalikuta ushahidi hafifu kwa ujumla, yakakubali hata hivyo kwamba mazoezi yaliyopangwa kwa ajili ya mgonjwa mmoja mmoja huenda yakasaidia, hasa kwa wale ambao hali yao imekaa muda mrefu. Kwa hesabu yangu, sehemu kubwa ya nafuu ya Mwalimu ilitokana na kulegeza, na sehemu ndogo ilitokana na kufunza mwendo. Lakini bila ile sehemu ndogo, asingeweza kusema "mbuyu" jicho likiwa wazi.

Kwa sasa anafanya kazi ya kioo siku tatu kwa wiki, dakika kumi kila mara, na anakanda shavu kila usiku. Bado hapendi kupigwa picha akicheka sana, kwa kuwa kicheko cha ghafla hupita njia ambayo kioo hakiifikii, na hapo jicho hufumba kama zamani. Darasani amegeuka tena kuelekea wanafunzi. Mmoja wao, aliniambia, alimuuliza kwa masikitiko kwa nini siku hizi hawakonyezi.